Waulize Watu wa Bukavu Kama Waliuona Mwezi

Gisenyi, dukani, baada ya swala ya alasiri

Mwanangu Zaina,

Assalamu alaikum. Hujambo, mama? Umeamkaje huko uliko? Kichwa hakikuumi kwa mtikisiko wa meli, na tumbo limeyakubali maji ya Bukavu? Najua ungeniona sasa ungecheka, maana ninapoandika "huko uliko" wewe uko nyuma ya pazia hili hili, nasikia cherehani yako inavyokimbia. Lakini barua hii sikupi mkononi. Naikunja na kuitia ndani ya kikapu chako, chini ya njegere za shangazi yako, ili uisome ukiwa umekwisha fika kwake. Basi nakusalimu kwa siku ile, si kwa leo. Sisi huku sote wazima, ila tuna kelele.

Na kelele za leo unazijua! Mwezi wa Ramadhani umefika siku ya ishirini na tisa, na kila mtu wa mtaa wetu amekumbuka leo kwamba alileta kitambaa. Toka adhuhuri mlango haujapumzika. "Fundi, kanzu yangu iko wapi?" "Fundi, mutoto wangu atavaa nini, majani ya ndizi?" Yule mama muuza samaki, ambaye hata si Mwislamu, amekuja kupanga foleni kwa ajili ya jirani yake, na beseni la ngege liko kichwani bado linadondoka maji sakafuni. Nami nawajibu wote neno moja: "Iko kwa Zaina." Wanaondoka. Wanajua kitu kikiwa kwa Zaina kitakwisha.

Mambo ya kula, ya kulala, ya kufunga mlango na ya kutozungumza na mabaharia, mama yako ameyasema tangu Jumatatu, na sina la kuongeza. Mimi nataka kukuambia mengine, yale ambayo baba hamwambii mtoto akiwa amemtazama usoni.

La kwanza. Shangazi yako Mariamu alikuita tangu mwaka juzi. Alisema ana wanawake wanne wanaoshona kwake, kazi ni nyingi, vitenge vya harusi havimpi nafasi ya kukaa, na anataka mkono kama wako. Mimi nikasema ngoja mvua zipite. Mvua zikapita. Nikasema ngoja tumalize sare za shule. Zikaisha. Nikasema njia si nzuri kwa msichana. Njia, Zaina! Meli ya kutoka Goma mpaka Bukavu, ambayo hata bibi kizee anapanda na kuku wake! Sikuogopa njia. Niliogopa duka hili bila sauti ya cherehani ya pili. Nimekuchelewesha kwa hofu yangu nikaiita busara, nawe hukuninung'unikia hata siku moja. Sasa kwa kuwa unakwenda kweli, sijui ni nini kimenipata, nina furaha mpaka leo nimejichoma sindano mara kadhaa. Mtoto wangu anaitwa kutoka mji mwingine kwa sababu ya mikono yake! Nimemwambia hata askari wa bariyeri ya mpakani.

La pili ni hili jina ambalo watu wananiita, Fundi Mwezi. Ulipokuwa mdogo uliniuliza sababu yake, nikakujibu eti ni kwa kuwa nguo zangu zinang'aa. Hapana, mama. Ngoja nikueleze, maana huko Bukavu shangazi yako atakusimulia tu, na akisimulia yeye ataongeza chumvi.

Unajua desturi yetu. Siku ya ishirini na tisa wanaume wanapanda kilima cha Rubavu kutafuta mwezi, na wanawake wanangoja nyuani chini wakitega masikio kama ngoma itapigwa. Ngoma ikilia, kesho Idi. Isipolia, tunafunga siku moja zaidi, ya thelathini, na hapo hakuna tena kuuliza. Na ili ngoma ilie, lazima watu wawili waaminifu waseme: tumeuona.

Mwaka nilipopata jina hili nilikuwa kijana, sijaoa. Mlima wa moto ulikuwa umepasuka ubavuni, moto unatiririka kuelekea Sake, na kila jioni upande ule wa anga unakuwa mwekundu kama chuma cha mhunzi. Tukapanda. Mwalimu wa msikiti wetu wa wakati ule, Mungu amrehemu, akatuambia tutazame kushoto, juu ya ziwa, pale jua lilipozamia. Kushoto kulikuwa na mawingu tu. Nami, Zaina, nilikuwa nimejishonea kanzu yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeipiga pasi ikasimama yenyewe. Na kulikuwa na msichana mmoja wa karibu na soko niliyetaka anione nayo, na nilitaka iwe kesho, si kesho kutwa. Basi nikageuza shingo kulia kidogo. Nikaona uzi mwembamba wa mwanga, umepinda kama ukucha, juu ya vilima vya mbali. Nikapiga kelele: "Mwezi!"

Hamisi, huyu huyu Hamisi dereva wa lori, alikuwa kando yangu. Akaruka: "Ee! Hata mi nauona!" Tayari, watu wawili. Mwalimu macho yake yalikuwa hafifu, akatuuliza tunaapa? Tukaapa, tena kwa roho nyeupe kabisa, maana tuliuona! Ngoma ikalia. Mji mzima ukafurahi. Asubuhi tukaswali, tukachinja, nikapita sokoni na kanzu yangu mara tatu. Adhuhuri wakaja ndugu zetu wa Goma kwa biashara zao, wamefunga, midomo mikavu, wakatukuta tunatafuna nyama mchana. "Nyie! Muko nakula?" Wao hawakuona kitu. Na jioni ile ile mwezi wa kweli ukatoka juu ya ziwa, kushoto, mwembamba, mchanga, wa siku ya kwanza. Kile nilichokiona mimi kilikuwa ni moto wa mlima, umeshika pembe ya wingu.

Mtaa mzima ukalazimika kulipa siku ile. Hebu fikiri, wazee, wajawazito, watu wa lori, wote wanafunga tena siku moja kwa sababu ya jicho langu mimi Yusufu. Na yule msichana wa karibu na soko akaniona njiani, akasimama, akaniambia: "Kanzu yako nimeiona. Sasa nirudishie saumu yangu." Ndiye mama yako. Nimekuwa nikimrudishia mpaka leo.

Hamisi naye amesahau kabisa kwamba tuliapa wawili. Kila mwaka ananiuliza: "Fundi, leo utatuonyesha mwezi, ao jiko la mama yako?" Tangu hapo napanda Rubavu kila Ramadhani, lakini nakaa nyuma na mdomo nimefunga. Wakiuona wengine, naitikia alhamdulillahi. Mimi sijasema tena "mwezi".

Na usidhani nilijifunza mara moja. Hata kwenye kazi nilirudia yale yale. Aliwahi kuja mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, mtu mzito, mwenye heshima zake. Nilipompitishia kamba ya kupimia tumboni alivuta pumzi ndani, tumbo likapotea. Nikajua anavuta. Lakini nikaona haya, nikakata koti kwa kipimo alichotaka kuwa nacho. Siku ya harusi ya mwanawe alikaa kula, vifungo vikaruka kama bisi, kimoja kikaingia kwenye mchuzi wa mkwe. Wewe ungemngoja achoke kuvuta pumzi, ndipo upime. Nimekuona ukifanya hivyo. Unamsimulia mteja habari za soko mpaka tumbo linarudi mahali pake, halafu unafunga fundo kwenye kamba. Hilo sikukufundisha mimi. Sijui umelitoa wapi.

Jua linashuka, wananiita. Leo sijielewi. Meli yako inaondoka Goma kesho baada ya adhuhuri. Mwezi ukionekana jioni hii, kesho ni Idi: utaswali nasi, utakula pilau ya mama yako, ndipo tukuvushe bariyeri na nguo mpya mwilini. Usipoonekana, utaondoka katikati ya siku ya thelathini, utalala melini, na Idi yako ya kwanza mbali na sisi utaikuta kwa watu usiowajua. Nimemwomba Mungu tangu alfajiri. Ngoja nipande. Nitaendelea nikirudi.

*

Nimerudi. Tumekwisha futuru, wewe uko na mama yako mnafunga mizigo, na nasikia mnabishana kama sufuria ndogo iende au ibaki. Ngoma hukuisikia, kwa hiyo unajua. Lakini hujui yaliyotokea kule juu, na sitaki uyasikie kwa Hamisi.

Tulipanda kwa njia ile ya mikaratusi. Watu walikuwa wengi kuliko mwaka jana. Nilipofika pale kwenye jiwe bapa nikakukumbuka. Ulikuwa na miaka kama sita, nilikubeba mabegani kukuonyesha mji. Ilikuwa siku ya soko. Watu wa milimani wameteremka na viazi na kabichi, wale wa Nyundo na maharagwe yao, wavuvi wanapandisha samaki kutoka ufukweni, na vitenge vimetandikwa kila rangi. Ukasema: "Baba, soko ni kama sinia la mboga!" Kisha ukaanza kutafuta paa letu, ukalipata kwa lile bati jekundu tulilozibia, ukalia kwa sababu lilikuwa dogo. Nikakwambia halijawa dogo, ni sisi tuko juu. Hukuniamini. Leo nimelitafuta tena bati lile. Mama, kweli ni dogo.

Hamisi akanianza kabla sijapata pumzi. "Fundi Mwezi amefika! Jamani mugeuze macho, leo ataona miwili."

Nikamwambia: "We Hamisi, kanzu yako haina mikono bado. Endelea tu."

Watu wakacheka. Jua likazama upande wa pili wa ziwa. Hapo wote tukasimama, hata watoto waliotufuata. Anga ilikuwa safi chini na utepe wa wingu juu yake. Tukatazama mpaka macho yakatoa machozi. Kengele ya jioni ya kanisa ilikuwa imekwisha lia, moshi wa mapishi unapanda kutoka mjini, na kila mmoja wetu ana njaa na haoni kitu.

Mara Mzee Sefu akanyanyua fimbo. Unamjua Mzee Sefu, muuza chumvi, hajawahi kusema uongo hata kwa mteja. Akasema polepole: "Iko pale. Chini ya wingu. Iko amelala mugongo."

Watu wakamvamia. "Wapi, mzee? Wapi?" Wingu likashuka kidogo. "Ilikuwa pale," akasema. "Sasa imefunikwa. Lakini mi nimeona."

Mwalimu wetu wa sasa akageuka kwetu sote. "Shahidi mmoja tunaye. Nani mwingine ameona?"

Vijana wanatazamana. Hapo ndipo Hamisi akanisogelea, safari hii hakuwa anacheka. Akaniambia sikioni: "Fundi, macho yako iko mazuri kuliko yetu sisi wote, unatia uzi kwenye sindano bila taa. Sema tu ndiyo. Mutoto anaenda kesho. Nani atakuhukumu?"

Zaina, sikiliza sasa. Mzee Sefu aliponyanyua fimbo, mimi nilikuwa nimetazama pale pale. Kushoto, juu ya ziwa, mahali panapofaa. Na niliona kitu. Uzi. Mwembamba kuliko uzi namba ya juu kabisa tulio nao dukani. Nikapepesa jicho, haupo. Nimeuona, au nimekuona wewe na gauni la Idi mlangoni kwetu? Naapa sijui. Nilijiuliza pale pale: lau Zaina hasafiri, ningeuona? Lile la ujanani niliapa bila wasiwasi hata kidogo, na lilikuwa moto. Hili la leo pengine lilikuwa mwezi, na wasiwasi umejaa.

Mwalimu akauliza mara ya mwisho. Akanitazama mimi, naona Hamisi naye ananitazama, na Mzee Sefu, maskini, ananitazama kama mtu anayengoja kushikwa mkono.

Nikasema: "Sina ushahidi, Mwalimu."

"Hukuona?"

"Sina hakika, Mwalimu. Siwezi kuapa."

Akainamisha kichwa. "Basi tunakamilisha thelathini." Kijana wa ngoma akaibeba begani bila kuipiga, tukaanza kuteremka.

Njiani nilimwomba radhi Mzee Sefu. Akanipiga bega na ile fimbo. "Radhi ya nini? Kila mutu na macho yake. Lakini mi nimeona, na aliyeona hafungi. Kesho nitakula ndani ya nyumba, mulango umefungwa, madirisha yamefungwa. Ukisikia harufu ya nyama, we pita tu." Hata Hamisi alicheka. Kisha Hamisi akaniambia, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu tuko chuo cha Kurani: "Yewe, Yusufu. Mi ningesema ndiyo."

Nilipoingia uani wewe ulikuwa umesimama na bakuli la uji. Uliniangalia mara moja tu. Ukasema: "Bon, baba, basi kanzu ya Hamisi itapata mikono." Ukageuka kwenda kunawa, na ulikuwa umekwisha kunawa. Niliona. Nilitaka kukuambia pale pale yote haya, nikashindwa, ndiyo maana nayaandika.

Sikupi wosia juu yake, mama. Sijui hata kama nilifanya vema. Mama yako nimemwambia, akasema angalau safari hii hakuna atakayenidai saumu. Nami nakuambia ukweli, hata sasa nikifumba macho ule uzi naona uko pale. Lakini nimechangamka, sijui utaamini? Nimechangamka kama mtoto. Kesho unavuka maji! Utakwenda kuona mji ambao unaning'inia juu ya ziwa kama nguo kwenye kamba, utakaa kwenye meza ya kukatia iliyo kubwa kuliko chumba chetu, watakuletea hariri na utaishika bila kutetemeka. Chini kabisa ya kikapu, ukitoa njegere zote, utakuta kitu kimefungwa kwa gazeti. Ni gauni la buluu, pindo jeupe. Nililishona ukiwa umelala mchana, kwa hiyo mishono ya kwapani usiitazame sana, nilikuwa nakanyaga cherehani taratibu usiamke. Ni la Idi. Livae huko.

Na sasa ninalokuomba. Utashuka melini asubuhi ya kesho kutwa, ambayo kwetu itakuwa ndiyo Idi. Ukimaliza tu kuisoma barua hii, toka nje uwatazame watoto wa mtaa ule. Ukiwakuta na nguo mpya, safi, wanakwenda kuswali, basi na wao hawakuuona jioni hii. Lakini ukikuta zile nguo mpya zimekwisha ingia mafuta na vumbi la jana, basi waliuona, na Mzee Sefu alisema kweli, na mimi nilikunyima Idi ya nyumbani hali mwezi nilikuwa nao machoni. Usinifiche kwa kunihurumia. Nijibu upesi, Zaina, hata mistari miwili inatosha, mpe karani wa meli inayorudi Goma na Hamisi ataichukua. Niandikie ulivyowakuta.

Ni mimi baba yako,
Yusufu, fundi